Daftari la Wavivu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, Bukoba)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya nidhamu ya kazi katika utumishi wa umma. Nadhani aliniona nafaa kwa sababu mimi ni afisa utumishi, na tena wengi wenu mnakumbuka kwamba hapa shuleni nilikuwa kiranja wa kazi. Nimekwisha kumwomba radhi, na ninyi pia nawaomba radhi, kwa kuwa katika mada hiyo kubwa nitashika neno moja tu, nalo ni neno "mvivu".

Ninayo sababu. Katika makabrasha tuliyogawiwa asubuhi imo rasimu ya kanuni za Mfuko wa Elimu wa jumuiya yetu, ambayo tutaipigia kura baada ya chakula cha mchana. Kifungu cha saba kinasema kwamba mwanafunzi anayesaidiwa na Mfuko, akionekana kuwa mvivu au mtoro, jina lake litafutwa na nafasi yake atapewa mwingine. Nimesimama hapa kukipinga kifungu hicho. Nilipokisoma juzi usiku nilidhani nasoma mwandiko wangu mwenyewe, maana enzi zetu mimi ndiye niliyekuwa na daftari.

Wenzangu tuliokuwa pamoja kidato cha tatu mwaka 1996 wanalijua. Lilikuwa kaunta buku lenye jalada jeusi. Nilichora safu nne kwa rula: jina, tarehe, kazi, maelezo. Katika safu ya maelezo niliandika "mvivu", au "amelala", au "alijificha nyuma ya ghala". Kila Ijumaa jioni nililipeleka kwa mwalimu wa zamu, na Jumamosi wale walioandikwa walikwenda kung'oa visiki au kubeba mawe ya msingi, wakati wengine wanafua nguo na kucheza mpira. Nisiwadanganye, ndugu zangu, kwamba kazi ile ilinichukiza. Niliipenda. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na walimu walinisifu kwa kuwa sikumpendelea mtu.

Alikuwapo mwenzetu mmoja. Jina lake sitalitaja; nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari hii akanipa kwa sharti hilo. Alikuwa mwanafunzi wa kutwa, akiishi kwa bibi yake katika kijiji kilicho mwendo wa kilomita saba hivi kutoka hapa, njia yote vilima. Kwao hasa ni Muleba. Alikuwa mrefu, mkimya, shati lake likinuka moshi wa kuni. Alichelewa paredi karibu kila siku. Akipewa fyekeo alifyeka hatua tano kisha akasimama, akaliegemea, akafumba macho. Darasani alilala akiwa ameketi wima, jambo ambalo sijaona mtu mwingine akiliweza vizuri kama yeye.

Mwalimu wa uraia alikuwa akitufundisha Azimio la Arusha la Februari 1967. Mnakumbuka mahali ambapo Azimio linawasifu wanawake wa vijijini kwa kazi nyingi wanazofanya, kisha linawasema wanaume wa vijijini kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. Darasa zima likageuka kumtazama. Tangu siku ile tukamwita Mzee Likizo. Nami nikaanza kuliandika jina hilo daftarini, badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Katika muhula mmoja nilimwandika mara kumi na moja. Nakumbuka hesabu hiyo kwa sababu wakati ule niliitaja kwa majivuno.

Lipo jambo moja ambalo hunirudia mpaka leo. Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukaguzi wa usafi, na kazi ya kukagua mikono ilikuwa yangu. Kila mwanafunzi alinyoosha mikono, mimi nikaishika, nikaigeuza, nikatazama kucha. Basi kila Jumatatu kwa mwaka mzima nilivishika viganja vya yule mtu. Vilikuwa vigumu kama gome. Palikuwa na sugu za mpini wa jembe chini ya kila kidole, na nyufa ambazo udongo umeingia hautoki. Mimi, mtoto wa karani, mikono yangu ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Nilivishika viganja vya mtu aliyefanya kazi kuliko sisi sote, nikatazama kucha tu, nikasema, "Kata hizi," nikapita kwa mwingine.

Mwaka ule wa 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Wazee mliopo hapa hamhitaji kuelezwa. Mamia ya watu walikufa, na katika mji huu ilikuwa vigumu kupata nyumba ambayo haikufiwa na ndugu, jirani au rafiki. Kwa majuma kadhaa hapa shuleni hakuna aliyeadhibiwa kwa kutokufyeka. Mtoto akikaa peke yake chini ya mti, aliachwa akae. Hata mimi daftari nililifunga, na hakuna aliyeniamuru. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba tulikuwa watu wasio na huruma. Tulikuwa nayo tele, lakini tuliitoa kwa msiba uliotangazwa redioni.

Mwezi Julai tulirudi likizoni, nikafungua daftari tena, na yule mwenzetu akaandikwa siku ya pili. Mwezi wa Septemba hakuonekana. Hakuna aliyetumwa kumtafuta. Mimi nililipiga mstari jina lake kwa rula, nikaona nimepungukiwa na mzigo.

Sasa niwapeleke mbele miaka kumi na sita. Mwaka 2012 nilikuwa katika kikundi cha maafisa waliotumwa kuhakiki watumishi wa vijijini, tukafika Muleba, upande wa Kamachumu. Gari liliharibika. Wakati dereva anahangaika nalo mimi nilitembea kidogo kando ya barabara, nikamwona mtu katika kibanja chake anang'oa mgomba mzima mzima, shina na mizizi. Ninyi mnaotoka huko mnajua ni kwa nini. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Muleba mwaka 2006, na mgomba ukishaugua hauna dawa: unang'olewa, panga linapitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ile migomba mizima hukatwa ua lake la mwisho kwa mti wenye panda ili wadudu wasihamishe ugonjwa. Ni kazi kubwa, na ya huzuni, kwa Mhaya kung'oa migomba aliyoachiwa na babu yake. Nikamsalimu. Akainuka, akanitazama kwa muda, kisha akasema:

"Bwana Kiranja, karibu. Leo niko kazini, unaweza kuandika."

Alicheka. Mimi sikuweza. Alinikaribisha barazani, mkewe akatuletea kahawa ya kutafuna, na hapo ndipo nilipopata kusikia habari ambayo ningeweza kuipata mwaka 1996 kwa swali moja.

Baba yake alifariki mwaka 1993 na mama yake mwaka 1995. Yeye na wadogo zake wawili walichukuliwa na bibi yao huku Bukoba, bibi ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufifia. Mwanzoni mwa 1996 mama yake mdogo akaletwa nyumbani kutoka mjini, mgonjwa, naye hakuinuka tena. Basi kijana huyo wa miaka kumi na sita aliamka saa kumi za usiku, akateremka kisimani mara mbili, akarudi kumwosha mgonjwa na kubadilisha matandiko, akapika uji wa wadogo zake, kisha akaanza safari ya shule. Jioni alilima kibanja. Usiku alimgeuza mgonjwa kila alipolia, maana bibi hakuwa na nguvu za kumgeuza. Ule usingizi aliolala darasani, nikimwandikia, ndio uliokuwa usingizi wake. Mama mdogo alifariki Agosti. Akawa amebaki na bibi kipofu na watoto wawili wa shule ya msingi, akaona mmoja lazima aache kusoma ili wale wawili wasome.

Nikamwuliza, kama mjinga, "Kwa nini hukutuambia?"

Akanijibu taratibu, "Ningesema mgonjwa ana nini? Wewe nyumbani kwenu mlikuwa mkisema?"

Hatukuwa tukisema. Vijana wa leo huenda msielewe jinsi ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 wataalamu walipopima watu katika mkoa huu waliona kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi, na huko Muleba mmoja katika kila kumi. Ugonjwa ulipewa jina la Juliana, kwa jina la kitambaa, ili watu wasiutaje. Wengine walisema ni uchawi. Nyumba iliyouguliwa ilitembelewa giza likiingia, na mwenye kufiwa alisema marehemu alikuwa na malaria. Dawa za kupunguza makali ya ugonjwa huo zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004, miaka minane baada ya mama mdogo yule kuzikwa. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akiuguza hakuwa na maneno ya kujitetea nayo. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuitwa mvivu au kuaibisha nyumba yao, naye akachagua kuitwa mvivu.

Kisha akaniambia neno ambalo nalileta kwenu kama lilivyo. "Hukuniuliza, Bwana Kiranja. Uliuliza kwa nini sikufyeka, uliuliza kwa nini nimelala, lakini ulikuwa ukiandika huku unauliza."

Nilipomwonyesha kwa kidole mashamba mengine kijijini pale ambayo hayakukatwa maua, na kumwambia kwamba bwana shamba alikuwa amelalamika kwetu kuwa watu wa sehemu ile ni wavivu, alinitajia wenyewe mmoja mmoja. Lile ni la bikizee asiyeweza kuinua mti wenye panda mpaka juu ya mgomba. Lile la pili ni la mjane anayelea wajukuu wanne. Watu ambao sasa wangekuwa na miaka hamsini, wenye nguvu za kazi hiyo, wamelala nyuma ya nyumba, makaburini. Bwana shamba alikuwa kijana mgeni, mwenye bidii, wala simlaumu sana. Alikuwa na pikipiki na vijiji vingi, naye alitazama migomba tu.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya siku ile nilianza kulifuatilia neno hili kama afisa anavyofuatilia jalada lililopotea. Niliona kwamba limekaa mahali pengi katika historia yetu na ya wengine. Sitawachosha kwa yote. Nitataja mawili.

La kwanza ni la Marekani. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu maskini wa majimbo ya kusini mwa nchi ile walisifika kwa uvivu. Walichekwa kwa kuwa wamepauka, wanakaa vibarazani, watoto wao ni wazito darasani. Mtaalamu mmoja, Charles Stiles, akasema kwamba wengi wao wana minyoo ya safura. Ilikuwa mwaka 1902, na magazeti yakafanya mzaha kwamba amevumbua kijidudu cha uvivu. Lakini mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni moja kwa kazi ya kuitokomeza, na watoto walipopimwa ilionekana kwamba karibu 40 katika kila 100 walikuwa nayo. Mnyoo huu huingia kwa nyayo za mtu asiye na viatu, ukasafiri mpaka utumboni, ukang'ata pale na kunywa damu. Mtu huishiwa damu kidogo kidogo, naye asijue kwa nini jembe limekuwa zito. Walipopewa dawa na kufundishwa kuchimba vyoo, mahudhurio shuleni yaliongezeka. Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna neno safura tangu zamani, tukijua kabisa kwamba mwenye safura hupauka na kulegea. Kadhalika ninyi mnaotoka mwambao wa ziwa mnakijua kichocho. Ndiyo maana vidonge vile vinavyoletwa shuleni, ambavyo najua wengine wenu huvitema nyuma ya choo, mvimeze.

La pili ni la kwetu. Mwaka 1983, mimi nikiwa mtoto mdogo, Serikali ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya mno, tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera, maduka matupu, na nia ilikuwa kila mtu mwenye nguvu afanye kazi ya halali. Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani kwa kosa la uzururaji na wengi wakasafirishwa kupelekwa vijijini. Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma habari za operesheni hiyo. Katika waliokamatwa walikuwamo watu waliokuwa wakiuza kahawa, wakishona viatu, wakibeba mizigo sokoni, yaani watu waliokuwa kazini, ila kazi yao haikuwa na kitambulisho. Wengi wao walirudi mjini baada ya muda mfupi. Mimi ni mtumishi wa Serikali na naiheshimu. Hata hivyo naona kwamba kosa lile na kosa la kiranja mwenye daftari ni la ukoo mmoja. Tulikuwa na safu ya jina, tarehe na maelezo. Safu ya kumsikiliza mwenyewe haikuchorwa.

Mtasema, huyu amejifunza mwaka 2012, basi tangu hapo amekuwa mtakatifu. La hasha. Miaka mitatu baadaye, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nililetewa jalada la mama mmoja wa masijala. Barua zilirundikana mezani kwake, majalada yaliwekwa mahali pasipo pake, na mkuu wake alikuwa amekwisha kumpa onyo la maandishi kwa uvivu. Nikaandaa barua ya onyo la pili. Nilikuwa nimeshaitia sahihi. Alipoitwa kuipokea nilimpa kalamu asaini, naye akaisogeza ile karatasi mbali, kwa kadiri ya urefu wa mkono wake, akakunja uso, akasaini nje ya mstari. Mama yule alikuwa na miaka arobaini na sita, na macho yake hayakuweza tena kusoma namba za majalada. Aliogopa kusema asije akastaafishwa. Niliichana barua mbele yake. Miwani ya kusomea aliipata mjini kwa bei ya viatu vya kawaida, na kabla mwezi haujaisha meza yake ilikuwa safi. Mnaniona nami leo nimevaa yangu. Wakati ule nilikuwa sijafikia.

Nikubali pia upande wa pili, maana naona wanafunzi kadhaa wa kidato cha pili, pale nyuma, wanatabasamu kana kwamba wamepata wakili. Wavivu wapo. Alikuwapo afisa mmoja aliyeniletea habari za mama yake mgonjwa mara tatu, nami nikampa ruhusa mara tatu, siku kumi na mbili kwa jumla, mpaka nilipopita mtaa fulani nikamkuta juu ya ngazi anaezeka nyumba yake ya wageni, mama yake akiwa chini, mzima wa afya, anampitishia misumari. Huyo nilimwandika, na adhabu aliipata. Lakini angalieni jinsi nilivyomjua: nilimwona kwa macho yangu. Kumwuliza mtu na kufika kwake ndiko kulikomkamata yule mwongo, kama ambavyo kungemwokoa yule mkweli. Siombi tuwe wapole tu. Naomba tufike.

Nirudi sasa kwenye kifungu cha saba. Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari mpaka kidato cha nne haina ada katika shule za Serikali, na kwa hiyo Mfuko wetu haulipi ada bali sare, madaftari, chakula cha mchana, na nafasi za bweni kwa wanaoishi mbali. Maana yake ni kwamba wanaoomba ni wale hasa ambao nyumbani kuna jambo. Kifungu kama kilivyo kitawafuta hao kwanza, kwa kuwa mtoto mwenye mzigo nyumbani ndiye anayechelewa na ndiye anayesinzia. Tutakuwa tumechanga fedha zetu kwa ajili yake, kisha tumwondoe kwa sababu ile ile iliyotufanya tuchange.

Napendekeza neno "mvivu" litolewe kabisa. Na badala ya maneno yanayofuata yaandikwe hivi: "Mwanafunzi akikosa masomo au maendeleo yake yakishuka, wajumbe wawili wa kamati watafika mahali anapoishi kabla ya shauri lake kusikilizwa, na taarifa yao itasomwa yeye mwenyewe akiwapo." Najua Ndugu Mhazini ataniuliza nauli itatoka wapi. Nimepiga hesabu. Bodaboda ya kwenda na kurudi kijiji cha mbali kabisa ambacho wanafunzi wetu wanatoka ni chini ya bei ya sare moja. Nami niko tayari kuwa mjumbe wa kwanza kutumwa, na kwa nauli yangu.

Mzee mmoja wa jumuiya hii, nilipomwonyesha pendekezo jana jioni, alinikumbusha methali, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akinitahadharisha kwamba huruma isizidi. Nilimshukuru. Nikamwomba azitazame tena zile siku mbili. Wahenga hawakumpa mgeni jembe mlangoni. Kwanza alikula, akalala, akaulizwa atokako na nini kimemleta, na jembe likaja wakiwa wanamjua. Mzee akacheka, akasema atafikiri. Natumaini kura yake ninayo.

Ninyi viranja wa sasa, najua mnayo madaftari, na siku hizi nasikia wengine mna orodha zilizopigwa chapa kwa kompyuta. Sikuombeni mziache, shule haiwezi kwenda bila orodha. Jumatatu mtakapokagua mikono, igeuzeni na viganja pia. Na wewe uliyechoka, ambaye sikujui lakini naamini umo humu, matroni wa shule hii ni mtu mwema, nimezungumza naye leo asubuhi, na mlango wake uko wazi baada ya masomo.

Habari za mwenzetu ni hizi. Wadogo zake wote wawili walimaliza shule. Mmoja ni muuguzi, na mwingine ni fundi wa umeme huko Mwanza. Bibi alifariki mwaka 2003. Yeye mwenyewe kibanja chake kimeanza kurudi. Amepanda machipukizi safi, na mwaka jana aliuza ndizi. Aliwahi kuniuliza kama lile daftari lipo bado, akasema angependa kuliona. Nililitafuta katika ghala la shule, nikaambiwa makaratasi ya miaka yetu yalilowa na kuoza baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 kuangusha paa la ghala hilo. Nilipomwambia, alisikitika kweli. Alitaka kujua kama mara kumi na moja zilikuwa sahihi, maana kwa hesabu yake zilikuwa kumi na tatu.

Nilimwalika aje leo, akasema Jumamosi hii ni zamu ya wanakijiji kusaidiana kung'oa migomba ya yule bikizee, na yeye ndiye mwenye panga zuri. Amenipa kifurushi cha kahawa ya kutafuna niwaletee. Kiko pale mezani kwa Katibu, nyuma ya birika. Tafadhali, wenye kidato cha tatu cha 1996 mtangulie kuchukua.